Jiwe ni Shahidi Mmoja Tu

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Leo nawaomba wasomaji wangu tuelekee mahali ambapo methali hiyo imepinduliwa: wajenzi walikuwapo, miti ndiyo iliyokosekana. Mahali penyewe ni uwanda wa juu wa Karoo, huko Afrika Kusini, katika sehemu za Carnarvon, Williston na Fraserburg. Ni nchi kame, yenye vichaka vifupi na mawe mengi, mvua yake ya kubahatisha, jua lake kali wakati wa joto, na baridi yake ya kugandisha maji wakati wa kipupwe. Katika nchi hiyo vimesimama vibanda vya mawe vilivyojengwa na wafugaji wahamaji wa Kikaburu katika karne ya kumi na tisa. Vingine ni vizima hata leo, vingine vimeporomoka nusu, na vingine vimebakia duara la mawe ardhini. Wataalamu wamekwisha kuandika habari za vibanda zaidi ya mia moja vya namna hiyo.

Habari zake nimezisoma vitabuni na sura zake nimezitazama katika picha. Kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani, jicho langu lilitangulia kuangalia uashi. Sisi huku tunajenga kwa matumbawe na chokaa, lakini dari zetu za kale zilibebwa na boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Mombasa ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ulipimwa na urefu wa boriti. Basi mtu asiye na boriti atafanyaje? Mjenzi wa Karoo alijibu swali hilo kwa jiwe lenyewe. Alipanga mawe bapa safu juu ya safu, na kila safu akaitokeza ndani kidogo kuliko ile iliyo chini yake, ukuta ukazidi kuinama ndani kadiri ulivyopanda, mpaka juu kikabaki kitundu ambacho alikiziba kwa jiwe moja pana. Hivyo ukuta na paa vikawa kitu kimoja, kuba isiyo na boriti hata moja. Katika vibanda vingine mawe machache yameachwa yakitokeza nje kama vidole, ili fundi apate pa kukanyaga akipanda, maana hata mti wa kufanyia jukwaa haukuwapo.

Ndani mlikuwa mna chumba kimoja, mlango mfupi na dirisha dogo. Sakafu ilikandikwa kwa udongo, ikapakwa damu ya mnyama, kisha ikasuguliwa kwa jiwe laini hata ikang'aa. Kupika kulifanywa nje, katika ua mdogo uliokingwa upepo. Karibu na kibanda palikuwa na zizi la kondoo, nalo pia la mawe. Ufundi una haki yake ya kusifiwa. Kuba iliyopangwa bila ya mbao, ikasimama miaka mia na hamsini penye joto na baridi ya namna ile, ni kazi ya mikono iliyojua kazi.

Lakini tulipokuwa chuoni tukisoma, tulifundishwa kwamba katika haki za watu shahidi mmoja hatoshi. Mtu akidai shamba au deni, kadhi humwuliza: mwenzako wa pili yuko wapi? Jiwe ni shahidi mwaminifu, sikatai. Halitii chumvi wala halipokei rushwa. Lakini hujibu lile linaloulizwa tu, na kuna maswali ambayo haliwezi kuyajibu kabisa. Hilo ndilo nililokusudia kulieleza leo, kwa sababu linatuhusu sisi Wakenya kuliko tunavyodhani.

Hebu tukiulize kibanda hicho swali la kwanza: kwa nini ukajengwa hapa, usijengwe pale? Jibu ni maji. Tangu enzi za Kampuni ya Kiholanzi, iliyofungua makao yake katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, mfugaji aliweza kupewa shamba la mkopo kwa kulipa ada kila mwaka. Shamba hilo halikupimwa kwa kamba. Lilihesabiwa kwa mwendo wa farasi: nusu saa kila upande kutoka kitovu chake, yaani kiasi cha eka 6,000. Na kitovu, aghalabu, kilikuwa chemchemi. Waingereza waliotawala Rasi baadaye waliibadilisha sheria hiyo mwaka 1813, lakini mazoea ya mfugaji hayakubadilika. Katika nchi kavu, mwenye chemchemi ndiye mwenye nchi. Wengine wote, watu kwa wanyama, huishi kwa ruhusa yake au hufa kwa kiu.

Swali la pili: kabla yako wewe, chemchemi hii ilikuwa ya nani? Hapo ndipo kibanda kinaponyamaza.

Jembe la mchimbuzi wa mambo ya kale limejaribu kukisaidia. Palipokuwa na makao ya wafugaji hao huokotwa vigereng'enza vya sahani kutoka Ulaya, vipande vya chupa, vikojozi vya tumbaku vya udongo na vyuma vilivyoliwa na kutu. Hayo tuliyatarajia. Lakini katika bonde la mto Seacow, mashariki ya sehemu hizo, wachimbuzi walitembea wakiandika habari za maelfu ya makambi ya kale ya Wasan, wawindaji waliokaa nchi hiyo tangu dahari. Katika mapango yao ya mwisho mwisho, pamoja na zana zao za mawe na shanga za magamba ya mayai ya mbuni, walikuta vigae vya Kizungu na vipande vya chupa vilivyochongwa kama walivyochonga jiwe. Tafakari, msomaji. Mtu ameokota chupa iliyotupwa na jirani aliyemwingilia, akaivunja, akaifanya kisu cha kuchunia ngozi kwa ufundi wa babu zake. Baada ya tabaka hiyo ya mchanga, hakuna tena. Jembe limeonyesha kwamba watu walikuwapo na kwamba walikoma kuwapo. Limeshindwa kusema walikomaje.

Karatasi za serikali zinajua zaidi. Mwaka 1774 msafara mkubwa wa silaha ulitumwa kwenye mipaka ya kaskazini ya Rasi. Kwa hesabu za wenyewe, Wasan zaidi ya 500 waliuawa, na zaidi ya 200 wakachukuliwa mateka. Misafara midogo iliendelea miaka mingi baada ya hapo, na watoto waliosalia wakagawanywa mashambani kuwa watumishi. Mwaka 1863 hakimu mmoja, Louis Anthing, alipeleka taarifa mbele ya Bunge la Rasi. Alieleza kwamba Wasan wa nchi ile wanapigwa risasi, na wanaonusurika wanakufa njaa, kwa kuwa chemchemi zimeshikwa na wanyama wao wa kuwinda wamemalizwa. Alipendekeza hatua za kuwaokoa. Hazikuchukuliwa. Angalia tarehe hiyo, 1863: vibanda vingi tunavyovisifia kuba zake vilikuwa vimekwisha kujengwa, na moshi ulikuwa ukifuka uani.

Hata hivyo karatasi za serikali ni maneno ya watu wengine juu ya Wasan. Maneno ya Wasan wenyewe yalitoka mahali ambapo hakuna angeyatarajia, yaani gerezani.

Mwaka 1870 gereza la Breakwater mjini Cape Town lilikuwa na wafungwa 28 wa Kisan, waliokuwa wakitumikishwa kazi za bandari. Wengi wao walifungwa kwa wizi wa mifugo, na wachache kwa kuua. Msomi wa Kijerumani, Wilhelm Bleek, aliyekuwa akichunguza lugha za Afrika, aliomba ruhusa wachache wakae nyumbani kwake Mowbray. Yeye na shemeji yake, Lucy Lloyd, wakaanza kuandika lugha yao, lugha ya /Xam, neno kwa neno. Bleek akafa mwaka 1875, na Lloyd akaendelea na kazi hiyo mpaka mwaka 1884. Madaftari yao yana kurasa zaidi ya 10,000.

Mwalimu wao mkubwa alikuwa mzee jina lake //Kabbo. Mistari hiyo miwili mbele ya jina ni alama ya mlio wa ulimi ambao sisi hatunao. Jina hilo maana yake ni Ndoto. Mzee huyu alisimulia jinsi alivyokamatwa pamoja na jamaa zake walipokuwa wakila nyama ya swala, wakafungwa, wakasafirishwa mpaka mjini. Kifungo chake kilipokwisha, alikubali kubaki mbali na kwao akisimulia, kwa kuwa alipenda hadithi za watu wake zijulikane kwa njia ya vitabu. Alirudi kwao mwaka 1873, akafariki mwanzoni mwa 1876. Mwenziwe, Dia!kwain, aliyefungwa kwa kumwua mfugaji, aliacha habari za mama yake na baba yake, za mvua, za ndoto na za wafu.

Humo madaftarini mna kisa cha msichana wa zama za mwanzo aliyerusha majivu ya moto wake angani, yakawa ile njia nyeupe ya nyota tunayoiona usiku. Mna majina ya mahali, majina ya vilima na visima, na nani alirithi kisima gani kutoka kwa babu yake. Hapa ndipo mshairi ninapovua kofia. Jiwe lilisema: mfugaji alikaa hapa. Neno likajibu: naam, na kisima kilikuwa na jina kabla hajafika, na mwenye kisima ni fulani bin fulani. Shahidi wa pili amefika mahakamani.

Leo hakuna tena mtu aliyelelewa kwa lugha ya /Xam. Imebaki karatasini tu. Mwaka 1997 madaftari hayo yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia. Mwaka 2000 Afrika Kusini ilipochagua nembo mpya ya taifa, wito wake uliandikwa kwa lugha hiyo hiyo, ukiwataka watu walio mbalimbali waungane. Lugha iliyotoka katika kinywa cha mfungwa imekaa juu ya mhuri wa dola. Lakini lau kama watu wawili wasingeketi na wafungwa wakaandika, tungebakiwa na kuba za mawe peke yake, tukasema: nchi hii ilikuwa tupu, hata wakaja wajenzi.

Sasa turudi nyumbani, maana njia ipo. Mwezi wa Julai mwaka 1908, jahazi la Kijerumani liitwalo Windhuk liliteremsha Mombasa Makaburu zaidi ya 200, pamoja na farasi zao na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Wao walitoka Transvaal, lakini asili yao ilikuwa ile ile ya wafugaji wahamaji waliotoka Rasi kizazi baada ya kizazi. Walipanda gari la moshi mpaka Nakuru, kisha wakapanda mlima kwa magari ya ng'ombe hata wakafika uwanda wa Uasin Gishu. Mji wa Eldoret mpaka leo baadhi ya watu huuita Sisibo, kutokana na namba 64 ya shamba ulipoanzia.

Nao walisema nchi ni tupu. Lakini Uasin Gishu ni jina la Wamasai waliokuwa wakilisha hapo zamani, na Wanandi walikuwa wakilisha hapo kabla ya kushindwa kwa vita na kiongozi wao Koitalel arap Samoei kuuawa mwaka 1905. Isitoshe, mawe nayo yalikuwapo. Katika nyanda hizo za juu mna mamia ya mashimo ya mviringo yaliyochimbwa mitelemkoni, mengine yamezungushiwa kuta za mawe. Walowezi walidhani ni mashimo ya kukaa watu. Wazee wa Kikalenjin walisema ni ya Wasirikwa, wenye ng'ombe waliotangulia. Wachimbuzi wa mambo ya kale walipofika, hasa katika miaka ya 1960, wakathibitisha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe ya wafugaji walioishi hapo karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza. Jembe lilieleza kazi ya mashimo, ulimi wa wazee ukatoa jina. Mashahidi wawili tena, na kila mmoja alimhitaji mwenziwe.

Mambo ya Wamasai nayo ni mfano. Kwa mapatano ya mwaka 1904 walitolewa Bonde la Ufa la kati, wakaambiwa Laikipia ni yao. Kwa mapatano ya mwaka 1911 wakatolewa na Laikipia pia. Walipokwenda mahakamani, kesi yao ilisikizwa hapa Mombasa mwaka 1913, ikatupwa. Leo mtu akisimama Naivasha au Laikipia akatazama nyumba ya mawe ya mlowezi wa kwanza, na bomba la moshi lililobakia peke yake katikati ya nyasi, ataona uhodari wa mtu aliyejenga porini. Ataona kweli, lakini ataona nusu.

Juu ya magofu haya nimesikia rai mbili. Rai ya kwanza husema: yabomolewe, mawe yake yajengewe madarasa, maana ni nyumba za waliotudhulumu. Rai ya pili husema: yapakwe rangi, yatiwe vitanda na mapazia, yauzwe kwa watalii wanaotamani siku zile. Mimi naona rai zote mbili zinakutana mahali pamoja, nako ni kumnyamazisha shahidi. Wa kwanza anamwua, wa pili anamlisha asali ili aseme matamu tu. Nasi watu wa Mombasa tumekwisha kuijua njia ya tatu. Ngome ya Yesu ilianzwa na Mreno mwaka 1593, na Mwingereza akaifanya gereza mpaka mwaka 1958. Babu zetu walionja uchungu wake wa ndani na wa nje. Hatukuivunja. Tangu mwaka 1960 ni makumbusho, na mtoto wa shule huingia akasimuliwa nani aliijenga, nani aliizingira, na nani alifungwa humo.

Njia hiyo iko bara pia. Katika kilima cha Hyrax, karibu na Nakuru, yaliyochimbwa na Mary Leakey mwaka 1937 na 1938 ni makaburi, kuta za mawe na mashimo ya Wasirikwa. Makumbusho yake, yaliyofunguliwa mwaka 1965, yamo ndani ya nyumba iliyokuwa ya mlowezi mwenye shamba. Mgeni huingia kwa mlango wa mlowezi, akaoneshwa mali ya wafugaji waliomtangulia. Nyumba hiyo imepewa kazi bora kuliko ile iliyojengewa.

Basi nasema hivi. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi inawapa wenye mamlaka uwezo wa kulinda majengo na mahali pa kale. Na ilinde magofu ya walowezi yanayostahili, hata yale madogo, kibanda cha kwanza kabla ya jumba, maana kibanda ndicho kinachoonyesha walianzia kwenye chemchemi ipi. Lakini kulinda mawe ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi. Nusu nzito ni kumtafuta mzee aliyechunga kondoo wa shamba hilo akiwa kijana, na bibi aliyechota maji na kuyapeleka jikoni kwa bwana, na fundi aliyebeba mawe yale kichwani. Jina la mwenye shamba limo katika hati. Majina yao hayamo. Aliyekuwa mchungaji wa miaka kumi na mitano wakati wa hali ya hatari ya mwaka 1952 sasa amekwisha kupita miaka themanini.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Mwalimu wa shule ya kijiji anaweza kuwatuma wanafunzi wake kwa babu na bibi zao na daftari moja. Simu iliyo mfukoni mwa kila kijana ina uwezo wa kunasa sauti, jambo ambalo Bleek na Lloyd hawakulipata. Waulizwe mambo madogo: kile kilima kiliitwaje, kisima kile kilikuwa cha ukoo gani, ng'ombe walinyweshwa wapi kabla ya waya kuwekwa, mshahara ulikuwa kiasi gani, na walipofukuzwa walipita njia ipi. Na waandikwe kwa lugha yao wenyewe, Kinandi iwe Kinandi, Kimaasai iwe Kimaasai, kisha ndiyo ifasiriwe. Jina la kisima likipotea, mwenye kisima naye hupotea.

Kuba za Karoo zimestahimili miaka mia na hamsini, na huenda zikastahimili mia nyingine. Jiwe lina subira. Mzee wa miaka themanini na tano hana subira hiyo, wala mauti hayapigi hodi. Mwenye sikio na amwendee leo.